“Jaza bafa”: bafa moja au zote?

Swali: Mimi ni mkufunzi wa programu za kompyuta hapa Nairobi na ninaandaa somo la kodeki za sauti (programu za kubana sauti na kuifungua) kwa Kiswahili. Niliandika, “Jaza bafa kwa sampuli 1152.” Wanafunzi kadhaa walitenga baiti 1152, programu ikakwama. Je, “sampuli” na “bafa”, yaani sehemu ya kumbukumbu inayoshika data kwa muda, yanafaa? Ni ya ngeli gani?

Jibu: Yanafaa, mwalimu, na yote mawili nayaweka katika I-ZI: sampuli hii, sampuli hizi, bafa imejaa, bafa zimejaa. Wapo wasemao “mabafa”, kama wasemavyo “mafaili”. Sina ugomvi nao, mradi washike njia moja.

Sampuli tumeizoea maabara: damu kidogo hutolewa, ikapimwa, ikaeleza hali ya mwili mzima. Wimbi la sauti nalo hupimwa hivyo, mara 44,100 kwa sekunde kwenye CD, na kila kipimo ni nambari moja. Ila neno hili lina maana nyingine, “watu wa sampuli hiyo”, yaani wa aina hiyo. Kwa hiyo ukitaja biti 16 au desimali, andika “muundo wa sampuli”, si “aina ya sampuli”.

Kuna wanaotaka bafa iitwe “akiba”. Siafiki. Akiba huwekwa ikakaa; fremu ya MP3, yaani kipande kimoja cha sauti, yenye sampuli 1152, kwa kasi hiyo ya CD, huchezwa kwa milisekunde 26 hivi, kisha bafa hujazwa upya.

Kilichowaponza wanafunzi wako ni sentensi. Kwenye kioski cha maji, “nijazie mtungi” na “nijazie mitungi” hazichanganyi mtu, kwa sababu nomino yenyewe inataja idadi. “Bafa” haibadiliki, basi kazi hiyo mpe kiambishi cha mtendwa: “ijaze bafa” ni moja, “zijaze bafa” ni zote. Nasikitika kuona miongozo mingi ya kompyuta ikikiacha kiambishi hiki, hali ndicho kinachoondoa utata. Hiyo “kwa” pia iondoe; tunasema “jaza mtungi maji”.

Halafu, 1152 ni za nani? Ni za kila chaneli, yaani kila njia ya sauti. Stereo ya biti 16 ina chaneli 2, kushoto na kulia, na kila sampuli ni baiti 2, kwa hiyo zinahitajika baiti 4608. Mimi ningeandika: “Ijaze bafa sampuli 1152 za kila chaneli, kila sampuli baiti 2.”

Chaneli zikiwekwa katika bafa moja, kushoto, kulia, kushoto, kulia, sema sampuli “zinapishana”, kisha mwambie mwanafunzi, “Zisome mbilimbili.” Zikitenganishwa, maneno matano yanatosha: kila chaneli na bafa yake.