Mbona Guangzhou Saa Kumi Tu?

SWALI: Habari za kazi, mimi nauza mabegi hapa Mwanjelwa, Mbeya, mwezi ujao naenda Guangzhou kufuata mzigo mara ya kwanza. Nimeambiwa toka Dar ni masaa kumi tu, kweli jamani? Mbona basi la Mbeya–Dar nalo linakaribia hapo hapo? – Mama Neema

JIBU: Shikamoo mama, ni kweli kabisa. Dar hadi Guangzhou kwa mstari wa angani ni kama kilomita 8,700, na ndege kubwa ikishapaa inakata karibu kilomita 870 kwa saa, sasa gawanya hapo unapata kumi, na ukiongeza kupaa na kutua inasogea kidogo. Basi lako linatembea kama kilomita 830 tu ila kuna mizani, kuna Kitonga ile ya kupanda taratibu nyuma ya malori, kuna vibao vya hamsini kila kijiji.

Saa ndo zinachanganya watu. China wako mbele yetu masaa matano, kwa hiyo ukitoka Dar saa nne asubuhi, ukishuka saa yako ya mkononi inasema saa mbili usiku lakini kule ni saa saba usiku, watu wamelala, so mwambie mwenyeji wako mapema asije akakuacha uwanjani. Kurudi huwa ndefu zaidi, mara nyingi upepo wa juu unakuja usoni.

Ukipitia Dubai au Addis Ababa usihesabu kumi, piga hesabu na masaa ya kusubiri. Na vaa viatu vilegevu mama, miguu inavimba.