Kabla ya Kuiamini Ramani ya Miamba Iliyo Chini ya Barafu

Ninyi mnaoanza kazi ya jiofizikia ya angani, yaani kuipima miamba iliyofichika kwa vifaa vilivyobebwa na ndege, nawasihi msiiamini ramani yoyote kabla hamjaiona mistari iliyorukwa na ndege. Mwaka wangu wa kwanza nilikesha juma zima nikiufafanua ufa wa kijiolojia ulionyooka kama uzi, hadi mwenzangu aliyenitangulia kazini alipoilaza mistari ya ndege juu ya ramani yangu, nasi tukaona kwamba "ufa" ule ulifuata mstari mmojawapo toka mwanzo hadi mwisho. Mstari huo ulipimwa siku ya dhoruba ya sumaku, yaani msukosuko wa uga wa sumaku wa dunia, jambo la kawaida karibu na ncha za dunia, na kituo cha ardhini kilichorekodi mabadiliko hayo kilikuwa mbali mno kuyasahihisha. Tangu hapo huanza kwa kulinganisha vipimo pale mistari inapokatana.

Rada, ambayo wengi huipenda kwa kuwa picha yake inasomeka, huonyesha umbo la ardhi tu. Mawimbi yake hupenya barafu kwa kasi ya takriban mita 168 kwa mikrosekunde, kwa hiyo mwangwi uliotumia mikrosekunde 36 kwenda na kurudi ndani ya barafu umetoka kina cha mita 3,000 hivi. Lakini hauwezi kuwaambia kama pale chini pana itale au miamba ya mashapo. Hilo huulizwa magnetomita, ipimayo nguvu ya sumaku, na gravimita, ipimayo mvutano wa dunia, tena kwa pamoja. Mita ya ujazo ya barafu ina kilo 917 hivi, ya mwamba wa kawaida kilo 2,670, hivyo bonde lililojaa barafu hupunguza mvutano. Asiyeondoa athari hiyo kwa unene uliopimwa na rada atadhani amegundua mashapo, ambayo nayo kwa kawaida ni mepesi kuliko mwamba huo.

Someni kwa makini kazi ya milima ya Gamburtsev, iliyofukiwa na barafu huko Antaktika Mashariki. Wasovieti waliigundua mwaka 1958 kwa mitetemo ya baruti, na katika msimu wa 2008 na 2009 ndege mbili ndogo za AGAP, mradi wa kimataifa wa kuichunguza milima hiyo, ziliipima kwa vifaa vyote vitatu. Mistari mikuu ilipishana kwa kilomita 5, ile ya kuikata kwa kilomita 33. Mwamba wenye upana wa kilomita 1 unaweza kujificha kati ya mistari miwili ya namna hiyo, ndiyo maana mpaka nilioukisia hapo huuchora kwa vitone.