Vijenereta vya mitetemo: pima mashine kwanza, koili baadae

Wadogo zangu wengi wananiuliza waanzie wapi na hivi vijenereta vya sumaku na koili, vile unabandika kwenye mota au pampu ili sensa isitegemee betri. Mi jibu langu ni moja tu, waya usiuguse kwanza, nenda kwenye mashine yenyewe na akselerometa (kipimo cha mtetemo) ukaone inatetemekaje.

Mi nilianza kinyume. Wiki mbili nzima nawaindi koili kwa waya mwembamba kuliko unywele, ukivuta vibaya kidogo umekatika unaanza upya, nikafunga sumaku kwenye springi bapa nikaitegesha 50 Hz kamili, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, mezani inatoa umeme vizuri kabisa, nimeipeleka kwenye mota karibu sifuri. Kumbe mota ya kawaida ya induction yenye poli mbili (ncha mbili za sumaku) kwenye umeme wa 50 Hz haizunguki mara 50 kwa sekunde, inabaki nyuma kidogo, 48 au 49 hivi, na mzigo ukiongezeka inashuka tena. Na springi yangu ilikuwa na Q (kipimo cha ukali wa kuitikia masafa yake tu) kama 100, maana yake upana wake wa kufanya kazi ni nusu Hz tu! Siku hizi naona bora Q ndogo inayokupa umeme kidogo kila siku kuliko kubwa inayong'ara mezani tu.

Na usidhani mashine inaruka sana. Mtetemo wa 1 g (mchapuko sawa na wa mvutano wa dunia) kwenye 50 Hz unasogea milimita 0.1 hivi kutoka katikati, basi, na mashine nyingi hata hiyo g moja hazifiki, kwahiyo resonansi, yaani springi kutetemeka kwa masafa yaleyale ya mashine, ndo inayokuza huo msogeo mpaka sumaku itembee ya kutosha mbele ya koili.

Sasa hapa kwenye volti ndo wengi wanakwama. Mwaka 2007 watu wa Chuo Kikuu cha Southampton walionyesha kijenereta cha sentimita za ujazo 0.15 kikitoa mikrowati 46 kwa mtetemo wa 0.06 g tu, kazi nzuri mno, ila volti zake ni kama 0.43, wakati dayodi (inayopitisha umeme upande mmoja tu) ya kawaida ya silikoni peke yake inataka 0.6 hivi na kwenye briji, yaani dayodi nne za kugeuza AC kuwa DC, mkondo unapita dayodi mbili. Mtu anasema basi naongeza mizunguko ya waya kwenye koili. Sawa, lakini nafasi ya koili ni ileile, ukiongeza mizunguko mara mbili waya inabidi uwe mwembamba zaidi, volti zinakuwa mara mbili na ukinzani mara nne, nguvu iko palepale. Unachopata ni volti za kuvuka dayodi, ambazo unazihitaji kweli, ila usihesabu wati mpya hapo. Tumia dayodi za Schottky, zinazotaka volti ndogo, jaza kapasita taratibu, sensa iamke mara moja moja itume data ilale.

Alafu skrubu za chuma karibu na sumaku toa zote, zinaivuta na Hz zako za resonansi zinahama, weka za plastiki.