Swali la Lugha: Je, Mbudha "huzaliwa upya"?

SWALI: Ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma, Area C. Katika somo fupi kuhusu Ubudha nimeandika: "Mtu akifa, roho yake huzaliwa upya katika mwili mwingine." Mwenzangu wa ofisini anasema "kuzaliwa upya" ni maneno ya walokole, niweke "kufufuka". Nani yuko sahihi?

JIBU: "Kufufuka" liache kabisa, mwalimu. Anayefufuka ni yule aliyekufa, anarudi na mwili wake na jina lake, ndugu zake wanamtambua. Wabudha hawasemi hivyo. Ila kuhusu "kuzaliwa upya" mwenzako ana hoja. Mwambie abiria yeyote wa daladala ya Sabasaba kwamba umezaliwa upya, atakuuliza unasali wapi. Mimi huandika "kuzaliwa tena".

Kasoro kubwa iko kwenye neno ambalo hamkulibishania: roho. Wahindu wengi wanaamini kuna nafsi isiyokufa inayohama kutoka mwili hadi mwili. Buddha alilikataa hilo. Fundisho lake, linaloitwa anatta kwa Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibudha, ni kwamba ndani ya mtu hakuna nafsi ya kudumu. Kuna mwili, hisia, utambuzi, misukumo ya nia na fahamu, na vyote vitano vinabadilika muda wote. Sasa kipi kinahama? Hakuna.

Hapo ndipo sarufi yetu inapotubana. Ukisema "alizaliwa tena", ile a- imeshaamua kwamba ni yule yule. Ukisema "alizaliwa mwingine", umekata uzi. Mfalme Milinda, Mgiriki aliyetawala kaskazini magharibi mwa India karne ya 2 kabla ya Kristo, anasimuliwa kuwa alimbana mtawa Nagasena papo hapo: anayezaliwa ni yule yule au mwingine? Akajibiwa: si yule yule, wala si mwingine. Nagasena akamtajia taa inayowaka usiku kucha. Mwali wa usiku wa manane si ule wa jioni, lakini hakuna aliyewasha taa nyingine.

Kiswahili kinalibeba jibu hilo bila shida, kwa hiyo litumie: "Mtu akifa, matendo yake husababisha maisha mengine yaanze, na anayezaliwa si yule yule wala si mwingine." Ni ndefu, najua, ila haipotoshi. Matendo hayo ndiyo karma. Ukiliandika neno lenyewe ibakize r, maana "kama" tunalo tayari na lina kazi nyingi mno.

Wanafunzi watakutolea mfano wa mjukuu aliyepewa jina la babu, watu wakasema "babu karudi". Wapokee kwa kicheko, kisha waambie kwamba huo ni utani na heshima kwa marehemu, nao Wabudha wanazungumzia jambo jingine.

Ukimtaja Dalai Lama wa 14, kiongozi wa kiroho wa Wabudha wa Tibet aliyezaliwa mwaka 1935, usiandike kwamba roho ya mtangulizi wake "ilimwingia". Kuingiwa kwetu ni habari ya mapepo. Andika kwamba Wabudha hao wanamtambua kuwa mtangulizi wake aliyezaliwa tena. Naam, a- imerudi, lakini hapo ni kauli yao wenyewe.

Sentensi yako ya mwanzo usiifute. Badilisha "upya" iwe "tena", "roho" iwe "nafsi", kisha ihamishie kwenye aya ya Wahindu.