Sikusaini nauli ya mchungaji kwenda kikao cha viongozi wa makanisa, je nimekosea?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mwalimu. Mimi ni mweka hazina wa kanisa letu, ni kanisa dogo tu. Mchungaji kaitwa kikao cha siku tatu cha viongozi wa makanisa, ajenda ni sera za serikali na mambo ya kanisa. Wiki hiyohiyo mjane wetu mmoja akaja kuomba hela ya dawa, na kwenye kasha kulikuwa na hela ya kitu kimoja tu. Vocha ya nauli sikuisaini. Sasa mzee mmoja wa kanisa ananisifu, anasema kanisa na siasa haviendani, na mchungaji naye kaninunia. Nimekosea?

JIBU: Asifiwe sana mama. Swali lako limeninyima usingizi, maana umefunga mambo mawili kwenye fundo moja. La mjane halina mjadala, dawa kwanza, nauli baadae, hapo hujakosea ata kidogo. Ila zile sifa za huyo mzee mrudishie, sio zako.

Najua andiko lake, wote wanalo hilohilo, "Ufalme wangu sio wa ulimwengu huu", Yohana 18:36. Sasa asome mstari wote jamani! Yesu anaendelea kusema ungekuwa wa ulimwengu huu watumishi wake wangempigania. Yani anakataa upanga, hajasema tunyamaze, tena anayasema hayo usoni kwa Pilato, liwali kabisa. Na haya maneno ya "msiguse mambo ya serikali" tunajua yalishatoka kwa nani, yalitoka kwa Amazia kumwambia Amosi asitabiri tena Betheli kwa maana ni mahali patakatifu pa mfalme (Amosi 7:13). Na Amazia hakuwa askari wala mpagani, alikuwa kuhani! Nathani je, alimwambia Daudi "wewe ndiwe mtu huyo" akiwa anagombea cheo? Yohana Mbatizaji alikatwa kichwa kwa kumwambia Herode si halali kwako. Mwaka 390 Ambrose askofu wa Milano alimnyima Kaisari Theodosius meza ya Bwana kwa sababu ya watu waliochinjwa Thesalonike, mpaka akatubu hadharani. Na Isaya 10:1 inasema ole wao wawekao amri zisizo za haki, sasa amri ndo sera hizohizo mzee, wewe ulidhani Isaya anaongelea nini?

Alafu mama fikiria kitu kimoja. Dawa ya huyo mjane kwanini imemshinda? Kuna meza mahali watu walikaa wakaamua kipi kilipiwe na kipi kisilipiwe, na yeye hakuwepo, na hakuna aliyemsemea. Mithali 31:8 inasema "fumbua kinywa chako kwa ajili yake aliye bubu". Kwahiyo kikao cha mchungaji na dawa ya mjane ni jambo moja, tatizo ni kwamba vimekufikia vikiwa vinagombania kasha moja.

Namkubalia mzee nusu tu, kiongozi akienda kule kutafuta picha na wakubwa, au akarudi anatupigia kampeni ya chama madhabahuni, hapo amepotea. Na mimi nimekaa vikao hivyo, kuna kimoja tulibishana nusu siku nani akae meza ya mbele, tamko likaandikwa dakika ishirini watu wameshabeba mabegi. Niliona aibu.

Ila nauli yenyewe sio dhambi. Paulo na Barnaba walipokwenda Yerusalemu kwenye ule mkutano wa Matendo 15, mstari wa 3 unasema walisafirishwa na kanisa. Na Paulo anawaambia Wagalatia (2:10) kwamba wale wakubwa wa Yerusalemu walimtakia neno moja tu, wawakumbuke maskini. Mwambie mchungaji wako hilo, taratibu lakini.

Tena usingoje Jumapili, nenda kwake kabla, na lile daftari la kasha mfukoni mfungulie aone mwenyewe kilichokuwemo na kilichotoka, watu wengi hununa kwa kutojua hesabu. Ikipatikana hela nyingine saini vocha. Alafu mpe karatasi moja, muandike wewe na yule mjane pamoja, dawa gani, bei gani, mara ngapi kwa mwezi, kaambiwa nini alipokwenda hospitali, aende nayo kikaoni, sababu tamko lisilo na mtu ndani ni kelele tu. Na akirudi asimame awasomee waumini walichoazimia, kama ule waraka wa mitume ulivyosomwa Antiokia mbele ya watu wote (Matendo 15:30), sio kuufungia kwenye mkoba.

Lakini mama hujaniambia, dawa alipata? Zilitosha za mwezi mzima au za siku chache tu? Niandikie.