Gogo lililolala bado lina nguvu: kwa unayeanza kushika chenisoo

Upepo wa kusi ukikolea hapa Tanga, simu yangu haikai kimya. Mwembe umelalia ukuta Makorora, mkorosho umevunjika Pongwe, na mwenye nyumba anataka kuni ziwe tayari kabla ya shughuli ya Jumamosi, maana masufuria ya pilau ya harusi yanataka moto wa kuni. Siku hizi naona vijana wengi wanaazima chenisoo, ule msumeno wa injini wenye mnyororo, asubuhi na mchana wako kazini, bila kuonyeshwa na mtu. Nawaandikia ninyi, wadogo zangu.

Kabla hujavuta kamba ya kuwashia, lizunguke gogo ulitazame. Gogo lililolala halijatulia. Upande mmoja umebanwa, upande mwingine umevutika, na ukikosea pa kuanzia litaung'ang'ania msumeno au litakufyatukia. Likiwa limeegemea ncha zote mbili na katikati liko hewani, juu ndiko kulikobanwa: anza juu, ingia kama theluthi moja, kisha malizia kwa kukata kutoka chini kwenda juu. Likiwa limeshikiliwa upande mmoja na ncha nyingine inaning'inia, mambo yanageuka: anza chini theluthi, malizia juu. Daima unaanza upande uliobanwa. Kama gogo liko kwenye mteremko, simama upande wa juu, kwa sababu kipande kikikatika kitabiringika.

Hili nililijua kwa maneno kabla sijalijua kwa mwili. Kulikuwa na mkorosho umeanguka, na chini ya shina lake tawi changa la unene wa mkono lilikuwa limepindwa kama upinde. Nililiona dogo, nikalikata kwa mkupuo mmoja upande wa nje wa mpindo. Lilifyatuka kama mtego wa panya, likanipiga pajani na kuusukuma msumeno kwangu. Kiganja changu cha kushoto kiligonga ile kinga iliyo mbele ya mpini, ambayo ikisukumwa inafunga breki, breki ikaushika mnyororo. Suruali ilichanika urefu wa kidole, ngozi ikabaki salama. Tawi la namna hiyo unasimama nje ya njia yake, unalikwangua kidogo kidogo upande wa ndani wa mpindo mpaka linyong'onyee lenyewe. Na breki hiyo ijaribu kila asubuhi kabla ya kipande cha kwanza. Ikiwa haishiki, kazi haianzi, hata mteja akilalamika.

Jambo la pili ni teke. Tazama ncha ya ule upanga ambao mnyororo unauzunguka. Robo ya juu ya ncha hiyo ikigusa kitu, hata kijiti kilichojificha nyuma ya gogo, msumeno unaruka juu na kurudi usoni kwako. Mnyororo ukiwa kwenye resi kubwa unakimbia kama mita 20 kwa sekunde, kwa hiyo usitegemee wepesi wako. Tegemea mshiko: mikono miwili, kidole gumba cha kushoto kimezunguka mpini wa mbele, si kulazwa juu yake. Kichwa na shingo visiwe kwenye mstari wa upanga. Usikate juu ya usawa wa bega. Tena usipande ngazi wala mwembe na mashine inayonguruma. Naona watu wanafanya hivyo mitaani na moyo wangu hauvumilii. Tawi la juu lina wapandaji wake wenye kamba na msumeno wa mkono.

Mnyororo butu ni hatari kuliko mkali, kwa sababu unakulazimisha kukandamiza. Angalia kinachotoka: vipande vidogo kama nazi iliyokunwa, mnyororo ni mzima, unga mwembamba kama wa muhogo, simama ushike tupa. Mnazi unaumaliza mnyororo haraka, ule ugumu wake wa nje, na gogo lililoburutwa mchangani ndilo baya zaidi. Lisafishe kwa brashi kwanza. Miembe ya uani nayo ina siri. Watu walifunga waya za kuanikia nguo miaka mingi, gome likazimeza. Ukiona mbao ina doa la bluu-nyeusi mahali pamoja, kuna chuma ndani, sogea pembeni.

Mavazi sitayabembeleza. Kandambili na kikoi hapana. Buti ngumu, kinga ya macho na ya masikio, na ile suruali yenye nyuzi ndani ambazo mnyororo ukizigusa zinausonga ukasimama. Ukipanga bajeti ya mashine, ihesabu suruali ndani ya bei hiyo. Mafuta, mashine nyingi za sasa ni mililita 20 za oili ya tustroki kwa lita moja ya petroli, lakini kitabu cha mashine yako ndicho cha kufuata. Iache ipoe kabla ya kujaza, kisha sogea hatua kadhaa kutoka ulipojazia ndipo uwashe.

Ukipata mashine ya kupasulia magogo, usidanganyike na utulivu wake. Inasukuma polepole lakini haijui kidole. Anayeweka gogo ndiye anayeshika mpini wa kuendesha. Akiwa mwingine, siku moja mmoja ataweka na mwingine atasukuma wakati mkono bado uko ndani. Ncha za gogo zikatwe sawa, zilizokatwa kimshazari huteleza. Mpira wa oili ukivuja, usiutafute kwa kiganja. Oili ile ina nguvu ya kupenya ngozi kama sindano, na kidonda kinaonekana kidogo kama cha mbu huku ndani nyama inaharibika. Tafuta uvujaji kwa kipande cha boksi. Ikikupenya, nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama hakuna maumivu, na waambie ni oili ya haidroliki.

Mti uliosimama uache mpaka umefanya kazi na fundi kwa muda, na kabla ya kuukata ulizia kibali, kwa mtendaji au ofisi ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, pamoja na taratibu za kumiliki msumeno wenyewe.

Usifanye kazi peke yako. Msaidizi akae mbele yako, mbali, mahali unapomwona, asije kukugusa bega kwa nyuma. Awe na simu yenye chaji na kitambaa kinene safi cha kukandamiza jeraha, kwa sababu kutoka Pongwe mpaka hospitali ya Bombo si karibu. Kazi yake nyingine ni watoto. Wakisikia mlio wanakuja mbio, na wakifika uani, anainua mkono, nami nazima.