Kazi Nimepata, Lakini Shamba la Njoro Usiuze

Jumapili iliyopita mdogo wangu alinipigia simu akiwa nyumbani Kaptembwo, Nakuru, na kabla hatujasalimiana vizuri akasema, "Kaka, nimesikia umepata kazi. Sasa nivute nije huko." Nyuma yake nilimsikia mama akiuliza kama paa la jiko litaezekwa kabla ya mvua. Shangazi naye, ambaye sijui alifika hapo saa ngapi, akataka kujua mbona tangu Januari nimekuwa kimya kama mtu aliyepoteza laini. Nikawaambia nitawajibu kwa maandishi. Kwenye simu najijua: nitasema "niko poa", halafu tutaongea bei ya viazi pale soko la Wakulima mpaka salio liishe.

Nilikuwa kimya kwa sababu sikuwa na kazi. Miezi minane.

Mnajua nilikuja huku Wolverhampton Juni 2023 kwa visa ya kazi ya kea, yaani kuhudumia wazee na wagonjwa. Ambalo sikuwahi kuwaeleza ni kwamba visa hii inakufunga kwa mwajiri mmoja, kama mbuzi kwenye kigingi. Kigingi kikingʼoka usidhani mbuzi amepata uhuru. Mwezi wa Januari 2025 kampuni iliyonileta ilinyang'anywa leseni ya kudhamini wageni. Sikugombana na mtu, sikuiba dawa ya mtu. Niliamka tu nikafungua simu kuangalia ratiba ya siku, nikakuta hakuna kitu. Na hata kabla ya hapo dalili zilikuwepo: tangu Novemba saa zangu zilishuka kutoka arobaini kwa wiki hadi kumi na mbili. Muda wa kutembea kutoka kwa mzee mmoja hadi mwingine haukuwa na malipo, kwa hivyo siku nyingine nilikaa nje kwa muda wa saa tisa nikalipwa za saa tano.

Ikitokea hivyo, serikali hukuandikia barua. Tangu siku ya barua unahesabiwa siku 60 utafute mdhamini mwingine, la sivyo ufunge virago. Barua yangu ilikawia hadi Juni. Miezi yote hiyo niliishi kama mwanafunzi anayesubiri matokeo ya KCSE, tofauti ni kwamba matokeo ya KCSE angalau hutangazwa siku moja mkajua moja.

Mjomba husema serikali ya Uingereza inalipa watu hata wakikaa bure. Inawalipa wenyewe. Mimi kwenye visa yangu imeandikwa kabisa kwamba sina haki ya msaada wa fedha za umma. Vibarua vya kulipwa pesa mkononi vilikuwepo, kuosha magari, kubeba mizigo usiku. Nilikataa, na msinisifu, haukuwa uadilifu. Ulikuwa woga. Ukishikwa, unarudi nyumbani na deni lako mkononi.

Kwa hiyo nilikopa. Wenzangu watatu, mmoja wa Njoro, mmoja wa Eldoret na Mnaijeria tuliyekuwa tukifanya naye zamu, walinikopesha pauni 2,400 kwa awamu. Umeme wa chumba changu ni wa kununua kabla, unaenda dukani na kiufunguo cha plastiki unajaziwa, kama tokeni za KPLC. Februari nilikuwa naweka pauni tano na kuzima hita ikifika saa mbili usiku. Mchana nilihamia maktaba, kuna joto na intaneti ya bure. Alhamisi nilipanga foleni kwenye ukumbi wa kanisa wanakogawa chakula. Siku ya kwanza nilivaa kofia nikaivuta hadi kwenye nyusi, kana kwamba kuna mtu wa Nakuru angenitambua. Walinipa tambi, maziwa ya pakiti na makopo sita ya maharagwe. Hayo maharagwe yao, jamani, yana sukari. Nilikaanga kitunguu nikayaunga upya na bado yalikuwa kama uji wenye maganda.

Shangazi, unauliza mbona sikusema. Unamkumbuka yule jirani yetu aliyerudi kutoka Qatar akasema kule alikaa miezi bila kazi? Tulimcheka. Tulisema amekula pesa zake na wanawake. Mimi nilicheka kuliko nyote. Basi nilipofikiria kumwambia mama, nilisikia kile kicheko changu mwenyewe. Zile elfu tano nilizomtumia Aprili zilikuwa za kukopa.

Kutafuta kazi nilitafuta. Niliyaandika maombi kwenye daftari, yalifika 143. Majibu mengi yalikuwa mamoja: tuna nafasi, lakini hatudhamini. Kilichonisaidia ni sheria iliyobadilishwa tarehe 9 Aprili 2025. Baada ya hapo mwajiri wa kea Uingereza aliyetaka mfanyakazi wa kuleta kutoka nje alilazimika kwanza kuonyesha amejaribu kuajiri sisi tuliokwama huku bila wadhamini. Nilijiandikisha kwenye orodha ya eneo letu. Mwezi wa Julai, siku zangu 60 zikiwa zinayeyuka, nikaitwa na makao ya wazee yaliyoko basi mbili kutoka kwangu.

Aliyenihoji alikuwa mama wa Kizimbabwe, miwani puani, hana haraka. Akaniuliza: "Mzee amekataa dawa ya asubuhi. Unafanya nini?" Nikamwambia simlazimishi. Namuuliza kwa nini, naondoka, narudi baada ya dakika chache na kikombe cha chai, na akikataa tena naandika kwenye kumbukumbu na kumwarifu nesi. Akaweka kalamu chini. "Na usipoandika?" Nikasema, "Basi mtu wa zamu ijayo atadhani amekunywa, na kosa hilo linaweza kumuua mzee." Akacheka kidogo kisha akaniuliza naweza kuanza lini. Nilikojoa kwa muda mrefu sana choo cha pale, nafikiri nilikuwa nimejibana tangu Januari. Karatasi zikachukua wiki kadhaa, nikaanza Septemba.

Sasa mshahara, maana najua mmeruka aya zote kutafuta hapa. Pauni 12.82 kwa saa, saa 37.5 kwa wiki. Kwa mwaka ni kama pauni 25,000. Kodi na bima ya taifa zikitoka nabaki na takriban 1,790 kwa mwezi. Ukizidisha kwa shilingi ni kama laki tatu, na hapo ndipo watu wa nyumbani huacha kuhesabu. Chumba ni 520. Chakula, basi, simu na umeme ni karibu 400. Deni nalipa 300. Na sijagusa ada ya shule ya mtoto wala sijamtumia mama.

Kazi yenyewe mdogo wangu huiita "kuosha wazee" na kucheka. Ndiyo hiyo. Wiki ya kwanza, 2023, nilitapika kwenye sinki la mteja nikalisafisha upesi asijue. Leo asubuhi nilimnyoa mzee wa miaka 91 asiyetaka mashine. Anataka brashi na povu, nianzie shavu la kushoto, na niivute ngozi kwa vidole viwili karibu na sikio. Nikikosea ananishika mkono na kuurudisha mahali pake bila kusema neno.

Kuhusu kukuvuta, mdogo wangu: mlango nilioingilia ulifungwa tarehe 22 Julai 2025. Waajiri wa kea hawaruhusiwi tena kuleta watu wapya kutoka nje kwa kazi hii. Kwa hiyo yule wakala wa pale ghorofani karibu na stendi, anayekuambia laki nane na nafasi ziko, anakuuzia kitu ambacho hakipo. Hata zamani kilipokuwepo, karatasi ya udhamini ilipaswa kulipiwa na mwajiri. Nakujua umeshamwekea elfu hamsini. Nenda Jumatatu na shemeji, yeye hana aibu ya kupaza sauti ofisini, mdai risiti na pesa. Na usiuze shamba ili umlipe: hati ya ile robo eka ya Njoro mrudishie mama aiweke kwenye sanduku lake.

Mama, paa litasubiri Desemba, nikishamaliza deni la yule wa Eldoret. Usininunulie data ya kunipigia. Jumapili natoka zamu saa nane mchana, nitakupigia mimi.